Kupima Mapigo ya Moyo kwa Vidole Viwili: Mwongozo Kamili kwa Waliojaribu Wakashindwa

Malalamiko ni yaleyale. Mmoja amejishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi na hajasikia chochote. Mwingine amepima mara tatu akiwa amekaa palepale, akapata 64, 88 na 104, na sasa haamini hata moja. Wa tatu amepata 60 kamili siku nne mfululizo akafurahi, kumbe alikuwa akihesabu sekunde za saa badala ya moyo wake.

Wengi wao mshipa wanao na unapiga vizuri tu. Kosa liko kwenye vidole vinavyokandamiza mno na kwenye hesabu inayoanza vibaya. Tuanze na vifaa.

## Andaa hivi kwanza

- Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vyenye kucha fupi.
- Kipima muda kinacholia chenyewe muda ukiisha. Cha kwenye simu kinatosha.
- Kiti chenye egemeo, na meza au mto wa kulazia mkono.
- Kalamu na karatasi.

Nasisitiza kipima muda kinacholia kwa sababu macho yakiwa kwenye sekunde, hesabu hufuata macho. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, mwendo ambao hauko mbali na ule wa sekunde, na akili huhama kutoka huku kwenda kule bila wewe kujua. Hapo ndipo zinapozaliwa zile 60 kamili. Saa ya ukutani inayogonga kwa sauti nayo ni adui. Hamia chumba kingine. Kama una saa ya mshale tu, mwenzako aishike yeye, akwambie "anza" na "basi".

Na tuelewane mapema: mapigo si presha. Vidole vitakwambia moyo umepiga mara ngapi na kama umepiga kwa mpangilio. Nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa hupimwa kwa mashine ya presha. Mtu anaweza kuwa na mapigo 70 ya kupendeza na presha ya kutisha kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 1: Kaa dakika tano bila kufanya lolote

Egemea kiti, miguu yote miwili ikanyage chini, usiipishanishe. Usiongee. Usisome ujumbe kwenye simu, maana ujumbe mmoja tu wa kuudhi unatosha kuharibu kipimo.

Sababu ni kwamba tunatafuta mapigo ya mapumziko, na moyo hauhitaji kisingizio kikubwa kuongeza mwendo. Kupanda ngazi, kubishana, joto kali, maumivu, hofu ya kipimo chenyewe, vyote vinaupandisha. Kama umekunywa kahawa, umevuta sigara au umefanya mazoezi, ngoja angalau nusu saa. Homa nayo ina hesabu yake: kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda mwilini huja na mapigo kama kumi zaidi kwa dakika, kwa hiyo usipime siku ya homa ukaiita hali yako ya kawaida.

Wakati mzuri kuliko wote ni asubuhi, umeshaamka lakini hujainuka kitandani.

Utajua umefanikiwa pumzi ikishakuwa inaingia na kutoka bila wewe kuisikia.

## Hatua ya 2: Laza mkono, uache ulegee

Vua saa na bangili. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama juu, vidole vijikunje vyenyewe kama vya mtu aliyelala. Mkono unaoning'inia au uliokazwa hukaza pia misuli na kano zinazopita juu ya mshipa, nawe utabaki unapapasa kamba ngumu tu.

Mikono ikiwa ya baridi, ipashe kwanza kwa kuisugua au kuiweka kwenye maji ya uvuguvugu. Baridi hubana mishipa, na pigo lililokuwa la kusikika vizuri huwa dhaifu.

## Hatua ya 3: Tafuta bonde, usitafute pigo

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anayeanza hubandika vidole popote kwenye kifundo cha mkono, akingoja pigo limjie. Halipo popote, lipo kwenye njia moja nyembamba. Itafute njia hiyo kwanza, pigo litakuja baadaye.

Kunja ngumi, kisha ivute kidogo kuelekea kwako. Katikati ya kifundo zitajitokeza kano, kama kamba mbili au moja chini ya ngozi. Chukua ile iliyo karibu zaidi na upande wa kidole gumba. Sasa, kwa kidole cha mkono mwingine, teleza kutoka kwenye kano hiyo kwenda ukingo wa nje, upande wa gumba, mpaka ugonge mfupa. Kati ya kano na mfupa kuna kijibonde. Mshipa wako unapita humo.

Fungua ngumi, legeza mkono tena. Weka ncha za vidole viwili ndani ya bonde hilo, upana wa vidole viwili hivi kutoka kwenye mstari wa kifundo kuelekea kiwiko. Vidole vipangwe kimoja mbele ya kingine kufuata urefu wa mkono, ili vyote viwili viwe juu ya mshipa uleule. Vikikaa kwa kukatiza mkono, kimoja kitakuwa kwenye mshipa na kingine kwenye kano.

Tumia sehemu laini ya kidole, ile unayoitumia kupapasa kitambaa dukani. Ncha kabisa, karibu na ukucha, haisikii vizuri.

Usitumie kidole gumba. Gumba lina mshipa wake wenye pigo la kusikika, na ukilibandika kwa mtu mwingine unaweza kujihesabu mwenyewe ukamwandikia yeye. Mimi niliwahi kufanya hivyo, nikamtangazia mtu mwenye afya njema kwamba moyo wake unakwenda mbio. Uliokuwa unakwenda mbio ulikuwa wangu, kwa wasiwasi. Hata vidole vingine hupwita vikikandamizwa sana. Ukiwa na shaka, vitoe ubonyeze meza kwa nguvu ileile: pigo likiendelea, ni la kidole chako.

## Hatua ya 4: Bonyeza mpaka lipotee, kisha legeza

Ushauri wa kawaida ni "bonyeza taratibu", lakini taratibu ya mtu mmoja ni kukaba kwa mwingine. Tumia njia hii badala yake.

Bonyeza bonde mpaka usisikie kitu kabisa. Umeubana mshipa dhidi ya mfupa na damu haipiti. Sasa punguza nguvu kidogo kidogo, bila kuhamisha vidole. Mahali fulani njiani pigo litatokea, litazidi kuwa wazi, kisha ukiendelea kulegeza litaanza kufifia. Rudi pale lilipokuwa wazi zaidi, utulie hapo.

Ubaya wa kukandamiza ni kwamba kunajificha. Mtu hasikii kitu, anadhani hajabonyeza vya kutosha, anaongeza nguvu, na anazidi kuuzima mshipa anaoutafuta. Kama umesoma mpaka hapa kwa sababu hujawahi kusikia pigo lako, legeza vidole kabla ya kujaribu jambo lingine lolote.

Kisha ngoja. Mpe kila mahali sekunde tano kamili kabla ya kusogeza kidole, na ukisogeza, sogeza kwa upana wa punje ya mchele tu. Moyo unaopiga mara 60 hutoa pigo moja kwa sekunde. Kidole kinachohama kila nusu sekunde kinaweza kulipita pigo hilo mara zote.

Hujapata? Jaribu mkono wa pili. Kwa baadhi ya watu mshipa huu hupita kando kidogo ya njia yake ya kawaida, na mara nyingi mkono mmoja huwa rahisi kuliko mwingine. Ukishaujua mkono wako rahisi, utumie huohuo siku zote.

Utajua umefanikiwa ukisikia kitu kinachosukuma kidole kutoka chini, kikirudi na kurudi, bila wewe kukikazia akili.

## Hatua ya 5: Sikiliza mwendo kabla ya kuhesabu

Usiguse kipima muda bado. Sikiliza mapigo kumi hivi ukijiuliza swali moja tu: yanafuatana kwa nafasi sawa?

Yakifuatana sawa, endelea na hatua ya 6 kwa sekunde 30.

Yakienda haraka kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa, hilo ni jambo la kawaida, hasa kwa vijana. Mara mojamoja pigo likachelewa au likaonekana kuruka, kisha likaja moja lenye nguvu, hilo nalo huwapata watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Lakini hesabu dakika nzima, na uandike kwamba liliruka.

Yakiwa yanakuja ovyo, haraka, polepole, haraka haraka, bila mpangilio unaoweza kuushika hata ukisikiliza muda mrefu, hesabu dakika nzima na upeleke habari hiyo kwa daktari hata kama hujisikii vibaya. Hiyo inaweza kuwa dalili ya vyumba vya juu vya moyo kutetema badala ya kupiga, hali inayoweza kugandisha damu ndani ya moyo na kuleta kiharusi. Na ujue kwamba katika hali hiyo mkono hudanganya: mapigo mengine huwa dhaifu kiasi cha kutofika kwenye kifundo, hivyo vidole huhesabu machache kuliko moyo unavyopiga. Ndiyo maana hospitalini husikiliza kifua chenyewe.

Hatua hii huchukua sekunde kumi na wengi huiruka. Kwangu mimi ina thamani kuliko namba yenyewe.

## Hatua ya 6: Hesabu kuanzia sifuri

Weka kipima muda sekunde 30. Shika pigo, na mara tu linapogonga, bonyeza kuanza. Mkono unaopimwa ndio ulio huru kubonyeza, kwa hiyo weka simu chini ya vidole vyake usilazimike kuunyanyua. Pigo hilo la kuanzia ni sifuri. Linalofuata ni moja, kisha mbili, tatu, mpaka mlio.

Kwa nini sifuri? Kwa sababu unachopima ni nafasi kati ya mapigo, na pigo la kwanza linafungua nafasi, halijaimaliza. Ukiliita moja, umejiongezea pigo ambalo halikuwepo. Ukianza saa bila kungoja pigo, basi la kwanza utakalosikia baada ya hapo ndilo moja.

Pigo moja linaonekana dogo, lakini tazama linavyokua ukizidisha:

- Ukihesabu sekunde 30 na kuzidisha kwa 2, kosa la pigo moja huwa mapigo 2.
- Sekunde 15 mara 4, kosa huwa 4.
- Sekunde 10 mara 6, kosa huwa 6.
- Dakika nzima, kosa hubaki 1.

Yule wa 64, 88 na 104 alikuwa akihesabu sekunde 15 kila mara. Kuanzia moja badala ya sifuri, kupitwa na pigo, kurukaruka kwa vidole: kila kosa lilizidishwa mara nne. Nilimwomba ahesabu dakika nzima, mara mbili. Akapata 73 na 71.

Hesabu kimoyomoyo, kwa namba fupi. Ukifika ishirini na ngapi, maneno huanza kuwa marefu kuliko nafasi kati ya mapigo, hasa moyo ukienda kasi. Dawa yake ni kuhesabu moja mpaka kumi na kuanza tena, huku ukikumbuka umemaliza makumi mangapi. Ukipotea katikati, usikadirie. Futa, anza upya.

## Hatua ya 7: Zidisha, rudia, andika

Kama ulihesabu sekunde 30, zidisha mara 2. Pumzika dakika moja, pima tena. Namba mbili zikitofautiana kwa 4 au pungufu, chukua wastani wake. Zikitofautiana zaidi, pima ya tatu kwa dakika nzima na uiamini hiyo.

Andika tarehe, saa, namba, "sawa" au "si sawa" kuhusu mpangilio, na ulikuwa umekaa au umelala. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Cha wiki mbili, kilichochukuliwa saa ileile na mkao uleule, kinakuonyesha kiwango chako mwenyewe, na mabadiliko kutoka kiwango hicho ndiyo yanayostahili kuulizwa.

## Mkono ukikataa kabisa: shingo

Tafuta kikoromeo, ile sehemu ngumu inayopanda ukimeza. Kutoka hapo telezesha vidole viwili kando, upande mmoja, mpaka viingie kwenye mfereji kati ya koromeo na msuli mnene wa shingo. Usipande mpaka chini ya taya. Tumia mkono wa upande uleule wa shingo unaoupima, usije ukajikaba.

Pigo la shingo ni kubwa, mara nyingi utalisikia papo hapo. Lakini pana masharti.

Kamwe usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa mishipa hiyo miwili ndiyo njia kuu ya damu kwenda kwenye ubongo. Hata upande mmoja, usikandamize na usisugue. Karibu na pembe ya taya kuna sehemu ya mshipa inayopima msukumo wa damu. Ikibonyezwa hudhani presha imepanda, nayo huuamuru moyo upunguze mwendo. Utapata namba ndogo isiyo ya kweli, au uanguke. Pima umekaa. Wazee, na mtu aliyewahi kupata kiharusi au kuambiwa mishipa ya shingo imeziba, waiache shingo, wabaki na mkono.

## Namba uliyopata ina maana gani

Kwa mtu mzima aliyetulia, 60 mpaka 100 ni kawaida. Wanariadha na watu wa mazoezi mengi hukaa kwenye 40 na kitu hadi 50 na kitu bila tatizo, kwa kuwa moyo wao husukuma damu nyingi kwa kila pigo. Baadhi ya dawa za presha hushusha mapigo kwa makusudi. Dawa za kuvuta za pumu huweza kuyapandisha. Upungufu wa damu, ujauzito, kukosa maji mwilini na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hupandisha pia. Kwa hiyo usiache wala kupunguza dawa kwa sababu ya namba uliyoipata nyumbani.

Ukiwa unapata zaidi ya 100 siku baada ya siku huku umetulia, au chini ya 60 na wewe si mtu wa mazoezi, nenda na karatasi yako kwa daktari. Hakuna haja ya kukimbia.

Kukimbia kuna haja pale mapigo ya haraka sana, ya polepole sana au ya ovyo yanapokuja pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, jasho la baridi, kuchanganyikiwa au kuzirai. Hapo usipime mara ya pili. Tafuta msaada wa dharura.

## Baada ya mazoezi, kanuni hubadilika

Moyo huanza kushuka mara tu unaposimama, kwa hiyo sekunde 30 zitakupa wastani wa mteremko. Shika pigo ndani ya sekunde chache, hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6, na ukubali ukungu wa mapigo 6 huku au kule.

Kiwango cha juu kabisa hukadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220. Mwenye miaka 40 anapata 180. Mazoezi ya wastani ni asilimia 50 hadi 70 ya hiyo, yaani 90 hadi 126. Mazoezi makali ni asilimia 70 hadi 85, yaani 126 hadi 153. Ni makadirio tu. Moyo wa mtu mmoja unaweza kupishana nayo kwa mapigo kumi na zaidi. Anayetumia dawa za kupunguza mapigo asiitumie hesabu hii.

## Kumpima mtoto mchanga

Kifundo chake ni kidogo na kimenona, hutapata kitu. Weka vidole viwili upande wa ndani wa mkono wa juu, katikati ya kiwiko na bega, ubonyeze kidogo sana kuelekea mfupa. Mpime akiwa ametulia au amelala, dakika nzima, kwa sababu mwendo wake hubadilikabadilika. Usishtuke: kwa mtoto mchanga aliye macho, 100 hadi 160 ni kawaida. Akikua hushuka taratibu mpaka kufikia kiwango cha watu wazima.

## Mtu aliyeanguka na haitiki

Yote niliyoeleza yaweke kando. Kwa mikono inayotetemeka, asiye mtaalamu anaweza kukosa pigo lililopo au kusikia la vidole vyake, na muda unakwenda. Mwite, mtikise bega, tazama kifua. Kama haitiki na hapumui kwa kawaida, mtu mmoja apige simu ya dharura, nawe anza kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka azinduke au waje wa kukupokea.